Matuta Saba ya Mteremko wa Chemba

"Anzeni kutoa udongo wa juu," Mzee Khamisi alisema. "Ukianza na wa chini tuta litakuangukia miguuni."

Tulikuwa tunabomoa tuta tulilolijenga asubuhi ile ile. Wanaume kumi na wawili na wanawake watano, tope limetufika magotini, tukishusha udongo ambao saa tatu kabla tulikuwa tumeupandisha kwa jasho. Hakuna aliyefurahi. Amri ya kubomoa nilikuwa nimeitoa mimi, kwa hiyo nilichimba bila kuinua uso.

Sababu ya kubomoa ilikuwa imeegeshwa pembeni, chini ya mgunga: gari la kufungua njia, lile linalotangulia kabla ya magari ya mashindano ili kuhakikisha barabara ni nzima. Taa yake ya kushoto ilikuwa imepasuka na bampa lilikuwa limefungwa kwa kamba ya katani. Dereva wake, Joha, alikaa juu ya boneti akimenya karanga mbichi alizopewa shambani.

"Dada Munira," aliniita, "mimi nimekuja kufungua njia. Hukuniambia nitaifungua kwa meno."

"Nilikwambia upite kwa sitini."

"Nilipita kwa sitini."

"Kefa amesema themanini."

Kefa, msoma ramani wake, alikuwa akichimba karibu yangu. Alitikisa kichwa tu, kama mtu asiyetaka kuitwa shahidi.

"Themanini na sitini ni ndugu," Joha akasema, na wanawake wakacheka.

Mzee Khamisi hakucheka. Alisimama juu ya lile tuta lililobaki nusu, mrefu, kofia yake ya kufuma imelowa mpaka imeshika umbo la kichwa. "Mwanangu," aliniambia, "tuta ni goti. Baba yangu alipima kwa goti. Walipokuja watu wa hifadhi ya ardhi, mimi kijana, walituambia goti. Leo unataka tuta la kisigino. Maji yataliruka yakicheka."

"Goti la nani, mzee?" Joha akauliza. "Maana goti lako linanifika mimi kiunoni."

Hapo hata yeye alitabasamu kidogo. Lakini hakushuka kwenye tuta.

*

Nieleze tulifikaje hapo, kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Barabara ya hatua ya Chemba, kipande kimojawapo cha mbio za magari, ni ya udongo, kilomita kumi na nne, na katikati yake kuna mteremko wa kilomita mbili unaoshuka katikati ya mashamba ya mtama na alizeti mpaka kwenye mbuga ya udongo mweusi. Wenye mashamba wamezoea kuinua matuta saba kukatiza barabara hiyo. Mvua ikinyesha, maji yanayoteremka barabarani yanagonga tuta, yanageuka, yanaingia shambani kwa njia ya mfereji mdogo. Kila tuta lina shamba lake na mwenyewe. La kwanza kutoka juu ni la Mzee Khamisi.

Mimi ndiye msimamizi wa njia. Sikusomea popote kazi hii. Miaka tisa iliyopita nilikuwa nauza vipuri Kondoa mjini, mbio zikapita, wakakosa mtu wa kushika bendera kwenye kona moja, nikashika. Baadaye nikaomba kitabu cha usalama. Kilikuwa kimoja tu, nikakinakili chote kwa mkono, madaftari mawili. Ninakiamini kitabu hicho. Kinasema kwamba kizuizi chochote kilicho katikati ya njia kiondolewe kabla ya siku ya mashindano. Kwa hiyo wiki tatu zilizopita, mvua zilipokuwa zimekatika na jua limekausha kila kitu, nilitia sahihi, greda likaja, likasawazisha matuta yote saba kwa asubuhi moja. Barabara ikawa laini kama meza. Nilipiga picha.

Mzee Khamisi alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba lake siku ile. Nilimsalimia, "Shikamoo, baba," akaitika, "Marahaba," kisha akasema, "Mvua haijaisha, mwanangu. Imekaa tu kupumzika." Nilidhani anasikitikia mtama wake. Nilimwambia tutamrudishia tuta lake mbio zikiisha.

Ijumaa mvua ikaamka. Ilinyesha tangu adhuhuri hadi magharibi. Jumamosi alfajiri nilipofika, barabara yangu laini kama meza ilikuwa mto. Maji ya mteremko mzima, ambayo matuta saba yalikuwa yakiyagawa kidogo kidogo kwenye mashamba saba, yalikuwa yameshuka yote pamoja mpaka chini na kutuama. Udongo mweusi ulikuwa umelainika kama uji wa mtoto. Nilisimamisha gari langu juu ya tope hilo, nikaachia breki, likaondoka lenyewe upande upande, taratibu, bila kuniuliza.

Magari kumi na manane yalikuwa yamepangwa kupita hapo Jumapili saa nne. Chini ya mteremko yangefika kwa kilomita mia na ishirini kwa saa.

Nilimpigia simu William, mkurugenzi wa mbio, aliyekuwa Zuzu kwenye hatua ya kwanza. Nilimweleza nilichokiona, sikupunguza. Akajibu kabla sijamaliza.

"Basi tunafuta Chemba. Jumapili tutazunguka kwenye uwanja wa lami pale chuoni Chimwaga. Wanafunzi watakuja kuangalia, watu watafurahi."

"Watazunguka uwanja wa kuegesha magari?"

"Watazunguka wakiwa hai, Munira."

Neno hilo lilikuwa na uzito wake, na sikulidharau. Lakini nilimwambia, "Kanuni inasema ukaguzi wa mwisho ni Jumapili saa moja asubuhi. Mpaka saa moja hiyo, njia iko mikononi mwangu."

Nadhani hakuwahi kunisikia nikimkatalia. Mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kujisikia.

Hatua hii niliiomba miaka mitano. Kila mwaka waliniambia Chemba kuna udongo mbaya, mvua ikinyesha hakufai, na kila mwaka nilijibu kwa barua. Nilijua kwamba ikifutwa mara ya kwanza tu inapowekwa, haitawekwa tena. Watasema, mvua ilinyesha, tuliwaambia.

Nikaenda nyumbani kwa Mzee Khamisi. Nilimkuta anakunywa uji. Nilisimama mlangoni nikasema, "Baba, nimekosea. Nataka turudishe matuta."

Alimaliza uji wake wote kabla hajajibu. "Saba?"

"Saba."

"Leo?"

"Leo na kesho alfajiri."

Akamwita mkewe alete jembe.

*

Ndiyo maana tuta la goti lilipomrusha Joha na kumtua kwa pua, sikukata tamaa, ila nilijua kwamba tuta la maji na tuta la gari si kitu kimoja, na kwamba siku ile tulihitaji yote mawili kwenye tuta moja.

Joha hakupaswa kuwa pale. Alikuwa mshindani, lakini injini yake ilikufa asubuhi hiyo hiyo kilomita ya tatu kule Zuzu, na kabla haijapoa alikuwa ameshaniomba gari la kufungua njia. Alikuwa na hasira za kutosha kuendesha hata jiwe.

Nilitoa daftari. Nilimwomba Mzee Khamisi asimame pembeni ya tuta nikapima goti lake: sentimita hamsini na nane. Nikapima alama ya maji ya jana kwenye ukingo wa barabara. Ilikuwa sentimita kumi na tisa.

"Mzee," nikasema, "maji yenyewe yalifika hapa. Goti lako ni mara tatu."

Aliinama akaangalia alama. Aliigusa kwa kidole. "Goti ni kwa sababu tuta ni jembamba," alisema polepole. "Jembamba linaliwa. Unaliweka refu ili likiliwa libaki."

"Na likiwa pana?"

Alifikiri. "Likiwa pana haliliwi." Kisha akaangalia wenzake. "Lakini pana ni udongo wa watu wawili."

Kwa hiyo tukapatana: kimo sentimita thelathini, upana hatua nane, mgongo wake uinuke taratibu na kushuka taratibu kama mgongo wa ng'ombe aliyelala, katikati ushindiliwe kwa magogo, mfereji wa shambani uchimbwe kwanza ili maji yawe na pa kwenda.

"Thelathini?" Joha akaruka kutoka kwenye boneti. "Dada, weka hata arobaini. Watu wametoka Kondoa, wametoka Dodoma, wanataka kuona tumbo la gari."

"Wataliona tumbo kwa thelathini."

"Wataona soksi tu."

"Thelathini, Joha. Na hatua hamsini kabla ya tuta la kwanza nitapanga matairi, mkono wa kulia kisha wa kushoto, ili mtu afike hapa kwa tisini, siyo mia na ishirini."

"Sasa mbona usiweke na kivuko cha wanafunzi kabisa?"

"Ukiniudhi nitaweka."

Alinitazama, kisha akatazama mteremko wote mpaka chini, vigingi vyangu saba vyekundu vikionyesha kila tuta litakapokaa. Niliona midomo yake ikihesabu. "Ngoja," alisema. "Saba mfululizo? Unatua hili unaruka lile?"

"Saba mfululizo."

Akachukua jembe la mtu.

Tuta la kwanza lilikamilika saa saba mchana. Nilihamisha watazamaji wote waliokwisha kukusanyika, vijana wengi wakiwa wameshakaa upande wa chini mfereji unapotokea, mahali pabaya kuliko pote. Nikafunga utepe upande wa juu. Joha akapita kwa sitini, kweli sitini, Kefa akinionyesha kidole gumba dirishani. Akarudi akapita kwa themanini. Akarudi tena, na mara hii niliinua mikono yote miwili kumwambia tisini. Gari likapanda mgongo wa tuta, likaachana na ardhi, likaelea urefu kama wa vitanda viwili, likashuka kwa magurudumu manne na kuendelea kama halikuwa na habari.

Kelele iliyotoka kwenye utepe iliwafukuza njiwa wa shamba zima. Mwanamke mmoja alikuwa akipiga jembe chini akisema, "Rudia! Mwambie arudie!" Mzee Khamisi alikuwa ameshika kiuno. "Hilo ni tuta langu," alimwambia kijana aliyekuwa karibu, ambaye alijua vizuri kabisa ni tuta la nani.

*

Mvua ilirudi saa tisa, na William akaja nayo. Tulikuwa tumemaliza tuta la pili na tuko kwenye la tatu. Alishuka kwenye gari amevaa viatu vyeupe na koti la mvua la mashindano, akasimama akitazama watu kumi na saba na majembe.

"Munira," alisema, "unajenga vizuizi katikati ya njia ya mashindano?"

"Ndiyo, mkurugenzi."

"Mimi ndiye niliyesema viondolewe, na wewe ukatia sahihi."

"Nilitia. Ndiyo maana navirudisha kwa mkono wangu."

Alisogea karibu akapunguza sauti. William si mtu wa kupenda kelele, hilo lazima niliseme. "Niliwahi kumbeba msoma ramani kwenye turubai," alisema, "mvua kama hii, gari la wagonjwa limekwama kilomita mbili nyuma. Tulimbeba watu sita. Nilikuwa nimeshika upande wa kichwa. Tangu siku hiyo sihitaji mtu anishawishi kuhusu mvua."

Niliona mkono wake ukiwa umekunjwa kama bado umeshika turubai.

"Gari la wagonjwa moja litakaa juu, jingine chini," nikasema. "Hakuna litakalohitaji kuvuka mteremko. Sasa naomba utembee na mimi."

"Nimeshaona."

"Umeona ukiwa kwenye gari. Tembea."

Tulitembea. Juu ya tuta la kwanza maji yalikuwa yakija mekundu, yakafika, yakasimama, yakageuka kama watu walioonyeshwa mlango, yakaingia kwenye mtama. Upande wa pili wa tuta barabara ilikuwa imelowa lakini ngumu. Nilipiga kisigino. Nikamwomba apige. Akapiga. Tukapita tuta la pili, ikawa hivyo hivyo. Tukalipita la tatu ambalo halijakamilika, tukaelekea kwenye kigingi cha nne, na hapo kiatu chake cheupe cha kulia kilibaki nyuma yetu ndani ya tope. Alisimama kwa mguu mmoja.

"Kefa!" Joha alipiga kelele kutoka juu. "Andika hapo: kulia kali, kiatu."

Watu walijitahidi wasicheke. Hawakuweza. Mzee Khamisi alikwenda akakichomoa kiatu kwa jembe, akakifuta kwa kiganja, akampa kwa mikono miwili. "Shika, mwanangu. Hapo bado hatujafika. Hapo ndipo greda lako lilipopitia."

William alikivaa. Kisha akaniambia, "Madereva wengine wameshanipigia. Nusu wanasema ukiweka matuta hawaji. Nusu wanasema ukiweka matairi ya kupunguza kasi umewavunjia heshima."

"Basi wote wamekasirika sawasawa."

"Si mzaha."

"Sifanyi mzaha. Mvua inanyesha hapa kila mwaka, mkurugenzi, na watu hawa wanapita hapa kila mwaka, na maji haya wameyajulia njia. Sisi tulikuja na greda tukaondoa kitu pekee kilichokuwa kinaifanya barabara iwe barabara, halafu tukasema udongo wa Chemba ni mbaya. Sikubali. Ukitaka kufuta, futa kesho saa moja, kwa macho yako, siyo leo kwa simu."

"Kesho saa moja nikikuta maji yanatembea juu ya barabara, hata mahali pamoja, nafuta."

"Ukikuta maji yanatembea, utakuta mimi nimeshafuta."

Joha alikuwa ameteremka karibu, kofia ya chuma kwapani. "Utafuta, dada? Kweli?"

"Nitafuta. Wewe ndiye wa kwanza kupita. Unadhani nitakupeleka kwenye uji ule ili nishinde ubishi?"

Joha akavua koti lake la mbio, akalikunja kwa uangalifu, akaliweka ndani ya gari. "Basi tuache kuongea," alisema.

William alisimama kidogo akitutazama. Aliangalia saa yake. "Saa moja," alisema. "Siongezi dakika."

"Sijaomba dakika."

Aliondoka. Gari lake liliteleza mara mbili lilipokuwa likigeuka, na sidhani kuna aliyekosa kuona.

*

Tuta la tatu lilikamilika saa kumi na moja. La nne tulilianza mvua ikiwa imepungua na kuwa manyunyu. Hapo udongo wenyewe ni mzito zaidi, unashika jembe na hautaki kuliachia, na kila mtu alikuwa akichimba kwa kuguna. Mwenye shamba la nne, mjane aitwaye Zaitun, alichimba mfereji wake peke yake kwa sababu hakutaka mtu auguse. "Ule wa mwaka juzi niliuchimba nikiwa na homa," alisema, "mtanifundisha leo?"

Jua lilipogusa ukingo wa mawingu, tuta la nne lilikuwa limefika nusu ya barabara. Upande wa kulia lilikuwa mgongo wa ng'ombe, upande wa kushoto hakuna kitu, na maji yalikuwa yakipita huko kushoto kwa raha zao.

"Tuwashe taa za magari," Joha alisema. "Gari langu lina moja, lako lina mbili, jumla tatu. Tumalize."

"Tunaweza," Mzee Khamisi akasema. Alisema hivyo akiwa ameegemea mpini wa jembe.

Niliwaangalia. Watu kumi na saba, wamechoka, majembe makali, utelezi, na giza linakuja. Nilitamani kuendelea kuliko wote. Nilikuwa na matuta matatu na nusu yaliyobaki, na muda wa saa moja na nusu tu kesho kati ya mwanga wa kwanza na gari la William.

"Hapana," nikasema. "Mtu akijikata mguu usiku, atakuwa amekatwa na mimi. Wekeni majembe."

Walinung'unika, lakini waliweka. Mzee Khamisi alisema baada ya sala ya alfajiri atasimama msikitini awaombe watu waje na majembe, akataja nyumba moja moja kwa vidole, akafika thelathini, akatoa mbili ambazo alisema ni za wavivu, akarudisha moja. Kwa watu ishirini na tisa tungegawanyika makundi matatu. Niliandika. Haikunipa jibu la hakika. Mvua ya usiku ikiwa ndefu, hata ishirini na tisa hawatoshi. Ikiwa fupi, labda.

Joha alikuwa akigonga taa iliyovunjika kwa kidole. "Kesho nikilifika tuta la saba," alisema, "nitaachia usukani mkono mmoja nikupungie."

"Ukiachia usukani nitakufungia mwaka mzima."

"Nitakupungia kwa macho."

Nilishuka mwenyewe hadi mwisho wa tuta la nne. Nilichukua ufito, nikauchomeka kwenye tope pale maji yalipokuwa yakipita, nikakata alama kwa kisu usawa wa maji, ili kesho nione kama yamepanda: sentimita saba. Nikaandika sentimita saba, saa kumi na mbili na robo. Kisha nikaweka vigingi viwili vyekundu kuonyesha upande wa kushoto utakapoanzia, nikalaza jembe langu kati yake, mpini ukielekea juu, ili kesho gizagiza nisipoteze muda kulitafuta.